Meli iliyozama mara mbili: historia ya Liemba kwa sisi tuliorudi



Kuko neno moja ambalo watu wetu wanalisema pole pole, mara nyingi nje ya mkutano: «Nimeanguka mara mbili sasa. Nitaanza tena namna gani?» Anayelisema ni mama aliyekopa feza akapanda mihogo, mozaiki ikaila yote. Ni baba aliyenunua nyavu za ndagala, mawimbi yakazichukua usiku mmoja. Ni kijana aliyejenga nyumba, akakimbia, akarudi, akakuta kuta peke yake. Wengine hawasemi kitu. Wanaacha tu kuja, juu ya haya.

Mawaidha wamekwisha kuyasikia mengi. Kwa hiyo mara hii tunawapa historia, na historia yenyewe ni ya kitu ambacho wengi wetu tumekiona kwa macho, na wengine walikipanda: meli ya Kigoma, Liemba.

Meli hiyo ilijengwa na Wajerumani mwaka 1913, katika karakana ya Meyer, mji wa Papenburg. Wakati ule ng'ambo ya ziwa ilikuwa koloni ya Wajerumani, na upande wetu huu tulikuwa chini ya Wabelgiji. Walipomaliza kuiunganisha huko kwao, waliifungua tena kipande kwa kipande na kuitia katika masanduku karibu 5,000. Masanduku yakapita baharini hadi Dar es Salaam, halafu yakapandishwa bara hadi Kigoma, ambako reli ilifika mwaka 1914. Mafundi watatu walitoka Ujerumani pamoja na mzigo, mkubwa wao Anton Rüter, ili kusimamia kazi ya kuiunga upya. Februari 1915 ikashushwa majini. Jina lake la kwanza lilikuwa Graf Goetzen. Urefu wake ni zaidi ya mita 70, na ziwani hapakuwa na nyingine kubwa kama hiyo.

Lakini vita vya dunia vilikuwa vimekwisha kuanza, na meli ikawekwa katika kazi ya vita. Mwaka 1916 askari wa Force Publique, yaani babu zetu Wakongomani chini ya maofisa Wabelgiji, walikuwa wanasonga mbele kuelekea Kigoma. Wajerumani wakaona hawataweza kuushika mji. Amri ikatoka: meli izamishwe, isianguke mikononi mwa adui. Na kazi hiyo wakapewa mafundi wale wale watatu walioiunga.

Sasa sikieni walichofanya. Wangeweza kuilipua, wakaenda zao. Hawakufanya hivyo. Walichukua grisi nzito, wakaipaka mashine yote ili maji yasiile. Wakaijaza meli mchanga. Halafu, tarehe 26 Julai 1916, wakaizamisha pole pole karibu na fasi ambapo mto Malagarasi unaingia ziwani, ikakaa chini bila kuvunjika.

Tufikiri kidogo. Watu hao walikuwa wanashindwa vita. Hawakujua nani atakayeiinua meli, wala siku gani. Na kweli, faida haikuwa yao, juu walioiinua baadaye walikuwa maadui zao. Hata hivyo walitumia saa zao za mwisho kutunza kitu walichokuwa wanakipoteza.

Sisi wakristo na waislamu wa chama hiki tunaongea sana juu ya imani. Mara nyingine tunaifahamu kama kusema kwamba baya halitatufikia. Lakini meli ile ilizama kweli, siku ile ile. Mtu wa imani alikuwa yule aliyepaka grisi.

Na sisi tulipaka. Mwaka 1996, vita vilipofika Uvira na Fizi, watu walivuka ziwa kwa mitumbwi na boti, wengine na nguo ya mwilini tu. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka ule, Lugufu mwaka 1997. Huko sheria ilikataza kutoka zaidi ya kilomita 4 bila kibali, na shamba la maana hukuwa nalo. Lakini angalieni walimu wetu. Walikuwa katika nchi ambayo shule zake zinafundisha kwa Kiswahili na Kiingereza. Wao wakaendelea na programu ya Kongo, kwa Kifaransa, chini ya shitingi, ubao mmoja kwa watoto wengi. Wapita njia waliweza kucheka: Kifaransa cha nini katika pori la Kasulu? Kilikuwa grisi kwenye mashine. Mtoto aliyerudi akajua kusoma kitabu cha kwao, akaingia darasani bila kuanza kwenye mwaka wa kwanza, alibebwa na walimu wale.

Turudi kwenye meli. Baada ya vita Wabelgiji, ambao walikuwa wanatawala Kigoma, waliitafuta, wakaiinua, wakaivuta hadi Kigoma. Watu wakafikiri mateso yameisha. Mwaka 1920 dhoruba ikaizamisha tena.

Hapa wengi wetu tunajitambua. Mwaka 1997, utawala wa Mobutu ulipoanguka, HCR ilianza kurudisha wakimbizi. Meli iliyochukuliwa kwa kazi hiyo ilikuwa Liemba. Ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira, na makumi ya maelfu ya watu wakarudi kwao. Tukashika majembe. Mwaka mmoja haukupita vizuri: Agosti 1998 vita vingine vikaanza, na wengi wa wale waliorudi wakavuka maji tena.

Kuzama mara ya pili kunauma kuliko ya kwanza. Ya kwanza unasema ni vita, vimetupata wote. Ya pili unaanza kujisemea: labda ni mimi, labda niko na mkosi. Na majirani nao wanaanza kukuangalia hivyo. Lakini kilichoizamisha meli mwaka 1920 kilikuwa dhoruba. Chuma chake kilikuwa kile kile, na mashine yake ilikuwa ingali na grisi.

Kwa hiyo, wakati kamati ya mikopo inapokaa, kuko swali moja la haki la kuuliza: nini kilimzamisha huyu? Kama alikula feza ya watu, hayo ni maneno mengine, na sheria zetu zinayajua. Lakini kama ni mozaiki, ni mawimbi, ni risasi, basi tusimwandike kama mtu asiyeaminika. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mhunzi anabaki mhunzi, anahitaji koleo lingine.

Waingereza, waliopewa Tanganyika baada ya Wajerumani, ndio walioiinua meli mara ya mwisho. Tarehe 16 Machi 1924 ilielea tena. Mafundi wakafungua mashine, wakaikuta ingali inafaa kutumika, miaka karibu minane baada ya kupakwa grisi. Lakini haikusafiri siku ile, wala mwezi ule. Ilianza kazi tarehe 16 Mei 1927. Hesabuni wenyewe: zaidi ya miaka mitatu kati ya kuelea na kusafiri.

Neno hili ni kwa sisi wote, na zaidi kwa wafadhili wetu, kwa heshima. Oktoba 2005 safari za HCR kutoka Kigoma kwenda Baraka zilipoanza, kulikuwa nyimbo bandarini, kulikuwa kupiga picha. Ilikuwa furaha ya kweli, hatuisahau. Lakini ile ilikuwa siku ya kuelea tu. Mtu alipewa chakula cha miezi michache, shitingi, jembe, masufuria, akaenda kijijini kwake. Akakuta shamba la baba yake linalimwa na mwingine, ambaye naye alikuwa amekimbia kutoka fasi nyingine. Akakuta shule haina mabati. Akakuta watoto wake, waliozaliwa Lugufu, wanachekwa juu ya Kiswahili chao cha Tanzania. Muhogo wenyewe unaomba karibu mwaka mzima kabla ya kung'olewa. Msaada unaoisha mwezi wa tatu unamwacha mtu akielea, upepo wowote unamrudisha chini. Tunawashukuru kwa yote mliyoyafanya. Tunawaomba mtuhesabie miaka, kama walivyofanya mafundi wa 1924.

Jambo la mwisho juu ya meli. Iliporudi kazini hawakuirudishia jina la zamani. Waliiita Liemba, jina ambalo watu wa kusini mwa ziwa walikuwa wanaliita ziwa lenyewe hapo zamani. Na katika miaka ya 1970 mashine zake za mvuke zilitolewa, zikawekwa za dizeli. Ni meli ile ile, lakini si kama ilivyokuwa. Na sisi hatukurudi kama tulivyokimbia. Kuko waliojifunza cherehani kambini, kuko waliojifunza kutengeneza sabuni, kuko wamama walioanza kuongoza vikundi huko, ambao zamani kijijini wasingepewa nafasi ya kusema. Asiwepo mtu anayewaambia warudi kuwa kama zamani. Kuanza tena hakulazimishi kufanana na jana.

Meli iliyojengwa kwa masanduku na kuwekwa katika vita ilikuja kuwa meli ya wakimbizi. Mwaka 2015, ndugu Warundi walipojaa kwenye pwani ndogo ya Kagunga, na milima nyuma yao hairuhusu gari kupita, Liemba ndiyo iliyowachukua hadi Kigoma. Ilikuwa na miaka mia moja majini.

Basi, kazi ya mwezi huu ni ndogo. Kila kikundi kiangalie daftari lake, kitafute jina la mtu aliyeacha kuja baada ya hasara. Wawili waende kwake nyumbani, siyo kumdai, bali kukaa naye, na kumwuliza amebaki na nini: ufundi, jembe, mbegu, mtoto mwenye nguvu, hata jina zuri kwa majirani. Kile kilichobaki ndicho cha kuanzia. Kisha mlete habari zake kwenye mkutano, na kama yeye mwenyewe anapenda, aje nanyi. Kidole kimoja hakivunji chawa, na meli ile pia haikuinuliwa na mtu mmoja.