Zimwi si zombi

Katika vibanda vya gemu vya Umoja na Kayole, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kila kinachotisha ni zombi. "Zombi hiyo, iue!" mtoto anapiga kelele, vidole vikichapa pedi. Kumbe ni Mothman wa Fallout 76, gemu ya 2018 inayoonyesha West Virginia baada ya vita vya nyuklia: kiumbe wa mabawa na macho mekundu, aliyevuma katika mji wa Point Pleasant, jimbo hilohilo, tangu 1966. Zombi, neno lililotufikia kupitia Haiti, ni maiti iliyofufuliwa, haina hiari. Zimwi halijafa. Katika ngano zetu linasema, linahadaa, hata linaposa binti wa watu kabla ya kumla. Wanandi wana lao, Chemosit. Vijana wa Eastlands, Mothman mwiteni zimwi, na ngeli msiisahau: zimwi hili, mazimwi haya.