Shosh Yuko Chepilat? Fanya Hivi Asianguke

Ukishuka mat pale Chepilat, mpakani mwa Bomet na Nyamira, na mvua imenyesha, unajua vile ule udongo mwekundu huteleza. Wewe ukianguka unacheka na kujipangusa. Kogo akianguka, nyonga inaweza kuvunjika, na kutoka siku hiyo hata choo anapelekwa.

Si stori ndogo. Shirika la Afya Duniani linasema kuanguka huua karibu watu 684,000 kila mwaka, na wengi ni wa miaka 60 kwenda juu.

Mvua si shida pekee. Uzee hupunguza nguvu za miguu, macho huingia ukungu, na dawa zingine za presha na za usingizi huleta kizunguzungu. Halafu mtu akishaanguka mara moja, anaogopa kutembea. Akikaa tu, miguu inazidi kuisha.

Ukienda ocha, cheki hizi:

1. Mazoezi: Ashike kiti kizito, asimame na mguu mmoja sekunde 10, kisha abadilishe. Halafu akae na kusimama mara 10. Kaa karibu umdake. Kuchuma majani chai ni kazi, lakini hakutoshi kufunza mwili balansi.

2. Njia ya choo: Mwaga kokoto, weka mti wa kushikilia na taa ya sola. Akiamka usiku, akae kwanza kitandani kidogo ndio asimame.

3. Viatu: Ndala zilizoisha soli, tupa. Mnunulie gambuti za saizi yake, zenye meno.

4. Ndani ya nyumba: Toa mkeka unaojikunja na stuli zilizo njiani.

5. Fimbo: Kwa Wakipsigis, fimbo ni heshima ya mzee, so asione aibu. Iwe na mpira chini, na urefu ufike kwa kiwiko cha mkono, pale saa hukaa.

6. Kliniki: Beba dawa zake zote daktari azione, na macho yapimwe. Usimkatizie dawa wewe mwenyewe.

Na akianguka, usimvute juu haraka. Kama hawezi kukanyaga, ama mguu umegeuka nje, usimpandishe nduthi. Tafuta gari alale, apelekwe hosi yenye daktari wa mifupa, kama Tenwek kule Bomet.

Doo ya kokoto na gambuti ni kidogo kuliko ya opareshoni. Piga simu ocha leo, uliza kama ameanguka mwaka huu. Wengi huficha.