Maziwa ya Mama na Kikundi Chetu



Wenzangu wameandika humu habari za hisa na mikopo. Mimi nimepewa maziwa ya mama, nami nimekubali, maana hapa kwetu Nachingwea na Ruangwa, ukiacha pesa, neno lililorudi sana kikaoni kwa miaka hii kumi ni hili: "Jamani, maziwa yamenikauka."

Bibi zetu walikuwa na dawa yao, uji wa karanga. Na karanga hapa ni historia. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha Tanganyika mradi mkubwa wa karanga, Nachingwea ikawa mojawapo ya vituo vyake. Misitu ikafyekwa kwa matrekta, reli ikajengwa. Mwaka 1951 mradi ukavunjika, na mwaka 1962 reli nayo ikafungwa. Karanga za kwenye kinu cha bibi zikaendelea kutwangwa. Uji ule ni mzuri, mzazi anashiba na kupata nguvu. Lakini anayeleta maziwa hasa ni mtoto mwenyewe. Kila anaponyonya, mwili unatengeneza mengine, na usiku ndiyo zaidi. Titi likikaa limejaa muda mrefu, mwili unapunguza.

Mimi nilijifunza kwa kuumia. Mtoto wangu wa kwanza, wa miezi miwili tu, nilimwacha nyumbani msimu wa palizi, toka alfajiri mpaka jua la utosi, akipewa maji na uji mwepesi. Mwezi haukuisha, maziwa yakapungua. Watu wakasema nimepigwa jicho. Jicho gani! Mtoto alikuwa anajazwa maji, titi halitaki tena. Muuguzi mmoja akaniambia niache maji, nimnyonyeshe mchana na usiku, na nikienda mbali nikamue kwenye kikombe safi. Yakarudi, taratibu.

Kwingine adui alikuwa kopo. Makampuni ya maziwa ya unga yalijitangaza mno katika nchi maskini, mpaka mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani likapitisha kanuni ya kuyabana. Nchi 118 ziliunga mkono, Marekani peke yake ikapinga. Tanzania ikatunga kanuni zake mwaka 1994. Huku kwetu kopo lilikuwa ghali, wengi hatukulijua. Kilichotutenga na watoto ni jembe.

Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa mpaka saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Sawa, lakini shamba la ufuta halina mwajiri wa kumwomba ruhusa.

Ndiyo maana tulibishana siku ile ilipoletwa hoja kwamba mwenye mtoto mchanga asitozwe faini ya kuchelewa, na alipe hisa zake wa kwanza awahi kuondoka. Wengine walisema huo ni upendeleo. Mweka hazina alikuwa mkali kuliko wote. Mwaka uliofuata alijifungua, na hoja ikapita bila kura.