Mbao Jikoni: Kutoka Uani hadi Kaunta katika Mombasa Bara

Kaunta ya mbao, yaani ubao mnene unaolazwa juu ya makabati ya jikoni kwa kimo cha kiuno ili vyakula vikatwe na kuandaliwa juu yake, huhesabiwa katika nyumba mpya za Kisauni, Likoni na Changamwe kuwa mtindo wa Ulaya na Marekani. Hesabu hiyo ina pengo kubwa, kwa kuwa mpishi wa pwani amefanyia kazi yake juu ya mbao tangu zamani, ila mbao hiyo ilikaa chini, ilibebeka, na haikufungwa ukutani.

Chombo kinachodhihirisha jambo hilo ni mbuzi ya kukunia nazi, ambayo ni vipande viwili vya mbao vilivyopishanishwa na kushikwa kwa kijiti kinachoruhusu chombo kukunjwa, kimoja kikichomoza mbele na kubeba ulimi wa chuma wenye meno. Mpishi huikalia, akaishika nusu ya nazi kwa mikono miwili, akaizungusha juu ya meno, na nazi ikadondoka ndani ya sinia lililo chini yake, hivi kwamba kiti na meza ya kazi vinakuwa kitu kimoja. Kinu na mchi, pamoja na kibao cha kusukumia chapati, navyo vilitolewa wakati wa kazi na kurudishwa pembeni baadaye.

Sababu ya vyombo hivyo kuwa vya kuhamishika haikuwa mazoea ya mapishi peke yake. Baada ya sheria ya hatimiliki za ardhi ya mwaka 1908, sehemu kubwa ya ardhi ya pwani iliandikishwa kwa wamiliki wachache, na katika bara la Mombasa ukaenea utaratibu wa nyumba bila ardhi, ambapo mwenye nyumba humiliki kuta na paa lakini humlipa mwenye shamba kodi ya kiwanja. Nyumba ya aina hiyo ilikuwa na ukumbi katikati na uani nyuma, ambako kulipikwa kwa kuni au makaa, na mtu ambaye angeweza kuambiwa ahame hakuwa na sababu ya kugharamia jiko la kujengea. Ni vigumu kuieleza historia ya jiko la Likoni au Kisauni bila kuitaja dhuluma hiyo ya ardhi.

Kilichomwinua mpishi kutoka kwenye kigoda ni mabomba ya maji, sinki na nishati mpya. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, kilichoanza kazi mwaka 1963 na kuacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, kilitoa mafuta ya taa na gesi ya kupikia, na jiko la gesi lenye vichomeo viwili au zaidi hutaka kuwekwa mahali palipoinuka. Mahali hapo palijengwa kwa saruji, baadaye kwa terazo, yaani saruji iliyochanganywa na vipande vya mawe na kusuguliwa hadi ing'ae, kisha kwa vigae na graniti.

Mbao iliporudi, swali gumu likawa ni mti gani. Mvule na mbambakofi, miti iliyosifika kwa milango na samani, imekuwa adimu na ghali, na katazo la kukata miti katika misitu ya umma na ya jamii, lililotangazwa na serikali ya Kenya mwezi Februari 2018 na kuondolewa Julai 2023, liliongeza uhaba. Funzo lilikuwa tayari Changamwe kwenyewe, katika ushirika wa wachongaji Wakamba ulioanzishwa mwaka 1963, ambao baada ya kuchonga mpingo na muhugu kwa muda mrefu ulihamia pia kwenye mwarubaini na mwembe, miti ya mashambani isiyohitaji msitu kuangamizwa. Mwembe hushambuliwa upesi na bungua usipokaushwa vyema. Mwarubaini huwastahimili wadudu zaidi.

Hali ya hewa ya pwani nayo ina masharti yake. Ubao hupanuka kwa upana, si kwa urefu, kila unyevu unapozidi, kwa hiyo fundi anayeujua hutoboa matundu ya mviringo mrefu upande wa chini ili shurubu ziweze kusogea, la sivyo kaunta hupasuka. Hofu ya uchafu, ambayo wengi huitaja, ina majibu: utafiti wa Ak, Cliver na Kaspar wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, uliochapishwa mwaka 1994, ulionyesha kwamba bakteria hufyonzwa ndani ya mbao na ni vigumu kuwapata tena juu yake, ilhali plastiki iliyochanjwa kwa kisu haisafishiki kwa urahisi.

Hatari iliyo karibu zaidi iko kwenye paleti, majukwaa ya mbao ya kubebea mizigo ya bandarini, ambayo mafundi huyavunja na kuyageuza samani. Kanuni ya kimataifa ya mwaka 2002 huyataka yagongwe muhuri: herufi HT humaanisha mbao ilitibiwa kwa joto, na MB kwamba ilifukizwa kwa methili bromidi, gesi ya sumu ya kuulia wadudu. Ubao wenye muhuri wa pili haufai kukatiwa chakula, hata ukipigwa randa mara ngapi.