Waya wa spika kuwekewa kiti: hii stori ilianza wapi?

Wasee, kuna watu duniani wanaonunulia waya wa spika viti. Sio mchezo. Ni viguzo vidogo vya mbao au kauri vinavyopangwa sakafuni, waya unalala juu ili usiguse kapeti. Wanaovitumia wanasema muziki hutoka safi zaidi. Na kabla ucheke, wazo lenyewe lina historia ya maana.

Mwaka wa 1843, bunge la Marekani lilimpa Samuel Morse dola 30,000 ajenge laini ya telegrafu kutoka Washington hadi Baltimore. Kwanza waliuzika waya ndani ya mabomba ardhini. Ganda lake likawa bovu, umeme ukavuja, kazi ikakwama. Wakauinua juu ya nguzo na kuushikilia kwa vioo, na Mei 1844 ujumbe ukafika. Hebu tazama nguzo za stima mtaani kwenu: vile vikombe vya kauri huko juu ni wajukuu wa vioo hivyo. Waya wa pale uko uchi na umebeba maelfu ya volti. Kauri iko kazini kweli.

Sasa twende sebuleni. Kwa miaka mingi watu waliunga spika kwa waya wa kawaida wa taa. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Noel Lee akaanza kuuza waya mnene aliouita Monster Cable. Hoja yake ilikuwa na msingi: waya mwembamba ukiwa mrefu, unakula nguvu ya amplifaya. Lakini mlango ukishafunguka, bei haikujua breki. Kufikia 2007, waya wa Pear Anjou wa futi 12 ulikuwa dola 7,250. James Randi akaahidi dola milioni 1 kwa atakayeutofautisha na waya wa kawaida bila kuona. Jaribio halikuwahi kufanyika.

Kwa maoni yangu, viti vya waya vimeazima heshima ya nguzo za stima. Waya wa spika tayari umevaa plastiki na hubeba volti chache tu. Kapeti haitaiba kitu. Tena ukiinuka kupanga viti halafu ukae tena, kichwa kikisogea kidogo tu, sauti inabadilika. Na ukishatoa doo, masikio yanataka kukufurahisha.

Kujaribu si kosa, ila jaribu kwa haki. Mwaka wa 1982, David Clark alichapisha njia ya kulinganisha vyombo bila msikilizaji kujua kipi kinacheza. Hata wewe unaweza. Tafuta vipande vya mbao, usinunue chochote. Funga macho, beshte arushe sarafu kuamua kama waya utainuliwa au utaachwa chini, mara 16. Kubahatisha kutakupa karibu 8. Ukipata 12 kwenda juu, tuongee.

Ukikosa, hiyo pesa nunua spika bora. Hapo hata jirani atasikia tofauti.