Usimamizi wa data: safari ya kilo ya dagaa kutoka mwaloni

Mei 15, 2024 shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zilisitishwa kwa miezi mitatu, hadi Agosti 15, ili kuwapa samaki nafasi ya kuzaliana. Uamuzi wa namna hiyo humgusa kwa siku moja mvuvi wa Katonga, mama anayeanika dagaa Kibirizi na mchuuzi wa Ujiji. Uzito wake unahitaji takwimu za mavuno zinazoaminika, na hapo ndipo usimamizi wa data unapoanza.

Usimamizi wa data katika taasisi ni utaratibu unaobainisha nani anakusanya taarifa, nani anawajibika kwa usahihi wake, nani anaruhusiwa kuzisoma au kuzirekebisha, na zitunzwe kwa muda gani. Kompyuta ni chombo tu. Daftari la mwaloni lenye mtu anayeliwajibikia ni bora kuliko mfumo wa gharama kubwa usio na mwenyewe.

Tuchukue mfano wa dagaa. Akitoka mtumbwini ana uzito mkubwa. Akikauka juani, sehemu kubwa ya uzito huo, ambayo ni maji, imekwisha kuondoka. Mkusanya takwimu mmoja akiandika dagaa wabichi na mwenzake wakavu, bila kutaja hali yao, jumla itakayofika halmashauri itakuwa sahihi kwa hesabu na potofu kwa maana. Kwa hiyo kila kipimo kinapaswa kupewa tafsiri moja, iandikwe na kukubaliwa kabla ya kazi. Ugumu unaongezeka kwa kuwa ziwa hili ni la Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia, na samaki huvuka mpaka bila daftari.

Tarakimu ikikosewa, isifutwe. Ikatwe kwa mstari mmoja, iandikwe mpya, pamoja na tarehe na saini ya aliyerekebisha.

Jina na namba ya simu ya mmiliki wa chombo ni suala jingine. Hizo ni taarifa binafsi, zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Jumla ya mavuno ya mwalo inaweza kubandikwa ubaoni. Orodha ya namba za simu, hapana. Mvuvi anayebaini kuwa taarifa zake zimekosewa aiombe ofisi iliyozikusanya izirekebishe, na asiporidhika anaweza kuwasilisha malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.