Usingizi wa Mzazi Chini ya Mlima Meru

Neno mzazi katika Kiswahili lina maana mbili. Ni mtu yeyote aliye na mtoto. Tena ni mwanamke aliyejifungua karibuni, ambaye bado hajarudia kazi zake. Lugha ilitambua tangu zamani kwamba siku hizo zina hali ya pekee. Vitabu vya historia vimesimulia vita, mikataba na reli, lakini havikuuliza sana jambo lililo karibu na kila nyumba: mtoto anapolia usiku, ni nani aamkaye?

Aghalabu hudhaniwa kwamba watu wa kale, kwa kuwa hawakuwa na taa za umeme, walilala tangu magharibi hata alfajiri. Arusha haiko mbali na ikweta, na usiku wake huchukua karibu saa 12 mwaka mzima. Kwa hiyo dhana hiyo yaelekea kuwa kweli. Lakini ushahidi uliopatikana katika nchi hii yenyewe waikanusha. Magharibi ya Arusha, ng'ambo ya Karatu, kando ya Ziwa Eyasi, hukaa Wahadzabe, ambao baadhi yao wangali wakiishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Mwaka 2015 wataalamu walitangaza vipimo vya usingizi wao, pamoja na ule wa Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia. Watu wazima wa makabila hayo walilala wastani wa saa 5.7 hadi 7.1 kwa usiku. Hawakuwazidi watu wa miji yenye umeme.

Uchunguzi mwingine, uliotolewa mwaka 2017, uliwafuata Wahadzabe 33 kwa siku 20. Katika muda huo wote, dakika ambazo watu wazima wote walikuwa wamelala pamoja zilikuwa 18 tu. Vijana walichelewa kulala na wazee waliwahi kuamka, hata karibu kila saa ya usiku palikuwa na mtu aliye macho. Wataalamu wakafikiri kwamba huenda kukosa usingizi kwa wazee ni ulinzi wa kundi zima.

Habari za Eyasi haziwezi kuhamishiwa zote mlimani, kwa maana Wameru na Waarusha ni wakulima na wafugaji. Hata hivyo, jambo moja lafanana. Shamba la mwana lilipakana na la baba yake, na bibi alikuwa karibu. Mzazi alipikiwa mtori, yaani ndizi zilizopondwa katika supu ya nyama, na jamaa zake wa kike walimshikia kazi. Pengine hakulala sana, ila hakukesha peke yake.

Mpango huo ulilegea kidogo kidogo. Boma la Wadachi lilikamilika Arusha mwaka 1900. Mashamba ya walowezi yakawabana wenyeji wa mlimani. Reli ikafika mwaka 1929. Na mwaka 1951 Wameru wa Engare Nanyuki wakaondolewa kwa nguvu katika ardhi yao. Ardhi ilipopungua, vijana wengi hawakupata tena mahali kando ya baba zao. Walishuka mjini kutafuta mshahara, wakapanga vyumba. Bibi akabaki mlimani.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitamka wazi kwamba wanawake wa vijijini mara nyingine hufanya kazi saa 12 au 14 kwa siku, na kwamba wanaume wa huko hupumzika nusu ya maisha yao. Afanyaye kazi saa 14 hubakiwa na 10, nazo mtoto mchanga huzidai kwa kunyonya. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 ilimpa mama likizo ya siku 84 na baba siku 3. Lakini likizo hutolewa na mwajiri, na mwanamke auzaye ndizi zake mwenyewe katika soko la Kilombero hana mwajiri.

Haya si ya Arusha peke yake. Mwaka 2019 ilitangazwa huko Ujerumani kwamba katika miezi mitatu ya kwanza mama hupungukiwa na usingizi wa kama saa 1 kwa usiku, na baba dakika 15. Na usingizi wao haukurudi kamili hata baada ya miaka 6.

Basi haitoshi kuuliza mtu mzima hulala saa ngapi; yaelekea hazikuwa nyingi tangu zamani. Kilichopungua ni watu wa kupokezana. Wahenga walisema, kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Kazi hiyo, iliyokuwa ya jamaa nzima, katika chumba cha kupanga Ngarenaro au Sakina huwa ya watu wawili, na mara nyingi ya mmoja. Wenye uwezo kidogo huchukua yaya, naye pengine ni msichana aliyetoka kijijini, alalaye na mtoto ili mama apate kuamkia kazini. Atakayeandika historia ya usiku wa Arusha hana budi kuuhesabu na usingizi wa msichana huyo.